Theluji ya Shemeji

Mvua ilianza Jumatano mchana, Torleif akiwa mezani na kiazi mdomoni, na simu yake ikaanza kulia kabla hajakimeza.

"Usiipokee," alisema mkewe, Aslaug.

Akaipokea. Torleif ndiye aliyekuwa msimamizi wa njia za skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, katika kijiji cha Øvrelid. Kazi yenyewe haina mshahara wala mapumziko, na mtu akishaichukua, watu humwona kama ndiye anayeishusha theluji kwa mikono yake. Theluji ikianguka vizuri, wanasema mwaka huu msimu ni mzuri. Isipoanguka, wanasema Torleif amezembea.

"Ndiyo, naiona," alisema kwenye simu. "Hata mimi nina madirisha... Hapana, siwezi kuizuia. Nasema siwezi kuizuia, mama, ni mvua hii! Basi kamlalamikie kasisi. Najua kahamia Nedrelid. Kampigie hukohuko."

Akaiweka simu kando ya sahani. Nje ya dirisha, njia aliyokuwa ameishindilia kwa mashine na kuichonga mifereji miwili iliyonyooka kama reli ilikuwa inageuka kijivu. Majani ya mwaka jana yalikuwa yameanza kuchungulia. Majira yale ya baridi yalikuwa kigeugeu tangu mwanzo. Theluji ilikuja Novemba ikaondoka kabla ya Krismasi. Ikarudi Januari kwa kishindo, watu wakatoa skii ghalani wakazipaka nta, kisha ikawakimbia tena. Sasa ilikuwa Februari, na ndiyo hiyo mvua.

"Enzi za marehemu mume wangu, Februari haikunyesha mvua," alisema Bi Gjertrud. Huyu alikuwa mama yake Aslaug. Aliishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua na alikula mchana kwao kila siku, akiwa na maoni yake.

"Yeye aliizuiaje, mama?" Torleif aliuliza.

"Sijui. Ila hakwenda kujisifu mkutanoni."

Torleif aliweka uma chini. Aslaug alitazama dari.

Kujisifu kwenyewe kulikuwa kumetokea juzi yake, kwenye ukumbi wa kijiji. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa Jumapili ya Skii, siku ambayo watoto na wazee wa vijiji vyote viwili vya bonde huzunguka pamoja kwenye njia ya Øvrelid, kisha hula na kunywa kahawa. Mwaka uliopita iliahirishwa kwa sababu ya matope. Na kwa sababu hiyo Sunniva, mwenyekiti wa klabu ya skii ya Nedrelid, alikuwa amepanda mpaka mkutanoni, akiwa amevaa koti lisilo na hata doa, akasema kwa sauti ya huruma kwamba kule kwao chini wamepata mashine ya kutengeneza theluji. Øvrelid wakishindwa na mwaka huu, siku ihamie Nedrelid moja kwa moja. "Tuwapunguzie mzigo," alisema.

Nedrelid walikuwa wamekwishawapunguzia mizigo mingi. Shule ilihamia huko, kisha duka, kisha posta, mwisho kasisi na vitanda vyake. Ndipo Torleif aliposimama, kipande cha keki mkononi, akatangaza: "Jumapili njia itakuwepo, hata ikibidi niibebe theluji kwa ndoo!" Watu walipiga makofi. Aslaug, aliyekuwa karibu na birika la kahawa, alifumba macho.

Sasa alimtazama mumewe akiinuka mezani na kwenda kusimama dirishani, mikono mfukoni, mabega yameshuka. Alitaka kumwambia kwamba ndoo ziko ghalani. Akaona huruma, akanyamaza.

Kesho yake walizunguka na gari kijiji kizima wakitafuta theluji. Waliangalia nyuma ya kanisa, wakaangalia uwanja wa mpira, wakashuka mpaka kwenye kivuli cha msitu. Kila mahali palikuwa na maji na ukoka uliolala kama nywele zilizolowa. Waliokutana nao barabarani walipunga mkono, na mmoja alisimamisha baiskeli ili aulize kama Torleif amekwishapata ndoo za kutosha.

Walipofika kwenye kona ya shamba la Brynjulf, Aslaug alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Nyuma ya zizi la kondoo kulikuwa na bonde dogo lisiloonja jua tangu Oktoba, na upepo ulikuwa umerundika humo theluji ya Novemba, ya Januari na ya siku nyingine ambazo hakuna aliyezikumbuka. Lundo lilikuwa limefika kwenye paa.

"Unaiona ile?" Aslaug aliuliza.

"Siioni."

"Torleif."

"Nimesema siioni. Upande huo macho yangu hayafanyi kazi."

Brynjulf alikuwa mdogo wake Aslaug, wa tumbo moja, na hakuwa amezungumza na Torleif tangu majira ya baridi ya mwaka wa juzi. Mwaka huo theluji ilikuwa nyembamba, na Torleif, ili asikatishe njia yake, alipitisha mashine juu ya malisho ya shemeji yake bila kuuliza. Theluji iliyoshindiliwa iligeuka barafu, barafu ikazikaba nyasi pumzi, na masika yalipofika malisho yalitoka ya njano kama godoro la zamani. Brynjulf alipokwenda kulalamika ukumbini, Torleif alijibu mbele ya kadamnasi: "Nyasi ni nyasi tu, bwana, zitaota!" Watu wakacheka. Brynjulf akaacha kahawa yake nusu kikombe akaondoka. Toka siku hiyo, hata kwenye chakula cha Krismasi, akiwa amekaa ana kwa ana na Torleif, husema: "Dada, mwambie mumeo anipitishie chumvi."

"Nenda kamwombe," Aslaug alisema.

"Nikamwombe theluji? Theluji ni ya Mungu!"

"Ni ya Mungu, lakini kaishushia kwa Brynjulf."

Torleif alishuka. Aslaug alimwona akitembea mpaka getini kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Brynjulf alitoka zizini na uma wa samadi mkononi. Wanaume wawili walitazamana. Torleif alikohoa.

"Mvua hii," alisema.

"Ehe," alijibu Brynjulf. "Mvua ni mvua tu."

Torleif alirudi garini, akafunga mlango, akafunga na mkanda.

"Amekataa."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba kwa kuzunguka."

Ijumaa asubuhi Aslaug alikwenda mwenyewe. Alimkuta Brynjulf zizini akiwakata kondoo kwato. Hakuzunguka.

"Mdogo wangu, nataka ile theluji."

"Wewe nitakupa. Chukua ndoo."

"Naitaka yote. Na trekta lako, na wewe mwenyewe ulilikalie."

Brynjulf alimwachilia kondoo, akanyoosha mgongo. Alikuwa mtu mpole, asiye na watoto, anayewaita kondoo wake kwa majina. Ile siku ukumbini, Aslaug alijua, hazikuwa nyasi zilizomuuma. Ni kicheko.

"Dada, nikuambie ukweli. Sitaki kitu chake. Nataka aseme tu kwamba alikosea. Lakini asiniambie mimi pembeni, hapana. Aseme Jumapili, kwenye kipaza sauti, mbele ya walewale waliocheka."

"Atasema," Aslaug alijibu.

"Utamuuliza?"

"Nimekwishamuuliza."

"Na amekubali? Torleif huyuhuyu?"

Aslaug alimtazama kondoo aliyekuwa karibu. Kondoo naye akamtazama.

"Amekubali," alisema.

Brynjulf alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu, mkono mmoja kisha mwingine. Uso wake ulilainika hata akafanana na yule mtoto ambaye Aslaug alikuwa akimfunga kamba za viatu. "Basi kesho asubuhi tunaanza kupakia," alisema.

Njiani Aslaug alijiambia kwamba atamwambia Torleif mambo yote wakifika mezani. Alimkuta jikoni, hajanyoa, akipekua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kana kwamba akiurudia mara nyingi utabadilika.

"Brynjulf ametoa theluji," alisema.

"Ametoa?" Torleif aliruka kitini. "Anataka nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini alimwona mumewe alivyokwishaanza kuvimba shingo, akajua kwamba akilitaja lile neno kipaza sauti, hakutakuwa na theluji, wala Jumapili, wala amani ndani ya nyumba ile mpaka masika.

"Hataki kitu. Amesema yaliyopita yamepita."

Torleif alikaa tena. Machozi yalimlengalenga. "Unaona?" alisema. "Unaona, mke wangu? Nimekuwa nikimfikiria vibaya mtu yule. Moyo wake ni mkubwa kuliko wangu."

Aslaug aligeukia karai akaanza kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa. Bi Gjertrud, aliyekuja kuazima maziwa, alisubiri mpaka mkwewe alipotoka kwenda kuwasha mashine.

"Brynjulf nimemzaa mimi," alisema. "Yaliyopita hayajawahi kumpita hata siku moja. Umefanya nini?"

"Chukua maziwa yako, mama."

Jumamosi mvua ilipumzika, na kijiji kizima kilitoka. Matrekta yalikuwapo, nguvu ilikuwapo. Kilichokosekana ni trela safi. Matrela yote ya Øvrelid yalikuwa ya samadi. Yaliyofagiliwa yalifagiliwa kwa haraka. Theluji ilipakiwa bondeni ikiwa nyeupe, ikateremshwa uwanjani ikiwa na michirizi ya rangi ya kahawa, na kadiri jua lilivyochungulia ndivyo harufu ilivyojitambulisha.

"Haionekani," Torleif alisema, akitandaza kwa koleo.

"Haionekani," alikubali jirani mmoja aliyejiziba pua kwa glovu.

Brynjulf aliendesha trekta kubwa, akileta lundo baada ya lundo. Kila alipofika alimpitishia Aslaug ujumbe kutoka juu: "Dada, mwambie asogee." "Dada, mwambie pale kwenye kona paongezwe." Torleif alisogea, aliongeza, na kila mara alimpungia mkono kwa mapenzi. Brynjulf alimjibu kwa kichwa, kwa uso wa mtu anayesubiri kitu chake na anayejua kinakuja.

Jioni walipokuwa wanakula, Torleif hakuacha kumzungumzia. "Shemeji kabadilika kabisa. Umeona alivyoniangalia? Kwa upole! Kesho nitamshukuru hadharani, nimekwishaandaa maneno." Akamega mkate. "Mbona huli?"

"Nimeshiba," alisema Aslaug, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Jumapili ilipambazuka na wingu zito lakini kavu. Njia ilianzia ukumbini, ikazunguka uwanja wa mpira, ikapita nyuma ya shule iliyofungwa na kurudi. Kuizunguka, bonde lote lilikuwa rangi ya ukoka uliooza. Yenyewe ilionekana kama uji uliomwagika juu ya mkeka. Lakini ilikuwapo. Torleif alikuwa ameichonga mifereji yake miwili, na ilikuwa imenyooka.

Watu walijaa. Watoto walikanyagana skii, wazee wakaulizana habari za magoti. Sunniva aliwasili na watu wake wa Nedrelid, akiwa na suruali nyeupe. Alisimama kando ya njia, akainama, akanusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Hewa ya shambani," alijibu Torleif.

"Na haya madoa?"

"Udongo wetu una rutuba sana."

Sunniva alinyoosha mgongo. Torleif alipanda ngazi za ukumbi, akashika kipaza sauti, akakipuliza. Aslaug alikuwa amesimama chini kabisa ya ngazi. Alimwona Brynjulf akipenya katikati ya watu mpaka mstari wa mbele. Alikuwa amevaa shati la kanisani na amechana nywele kwa maji.

Torleif aliwakaribisha wageni. Akaisifu Øvrelid. Akamshukuru kila mwenye trekta. "Na mwisho," alisema, sauti ikitetemeka kidogo, "namshukuru shemeji yangu Brynjulf, aliyetoa theluji yake yote kwa moyo mweupe, bila kudai chochote!"

Watu wakapiga makofi. Brynjulf hakupiga.

"Bila nini?" aliuliza.

"Bila kudai chochote," Torleif alirudia kwa kipaza sauti, akitabasamu.

"Na lile jambo letu?"

"Lipi?"

"Torleif, usinifanye mtoto. Umekubali mwenyewe! Sema basi, watu wote hawa hapa."

"Niseme nini?" Torleif alitazama huku na huku. Watu walikuwa wamenyamaza, kile kimya cha watu wasiotaka kupitwa hata na neno moja. "Shemeji, umekunywa?"

Brynjulf akawa mwekundu mpaka masikioni. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Kicheko kilekile, cha ukumbi uleule. Aslaug alimwona mdogo wake akikunja mabega kama anayetaka kugeuka aondoke, na hapo hapo akajikuta amepanda ngazi na kumpokonya mumewe kipaza sauti.

"Asicheke mtu!" alisema, na sauti yake ikagonga ukuta wa shule ikarudi. "Mwongo ni mimi. Brynjulf alitaka Torleif aombe radhi hapa kwa sababu ya malisho yake, na mimi nikamwambia amekubali. Torleif nikamwambia Brynjulf hataki kitu. Nimewadanganya wote wawili, tena bila aibu. Kama nisingewadanganya, leo tungekuwa tumesimama kwenye matope tunamwangalia Sunniva anavyotuonea huruma. Samahani, Sunniva."

"Hakuna neno," alisema Sunniva.

Torleif alimtazama mkewe mdomo wazi. Brynjulf naye alimtazama mdomo wazi. Na nani ajuaye kimya kile kingeishia wapi, kama Bi Gjertrud asingekuwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia tangu kipaza sauti kilipopulizwa, skii miguuni, fimbo mikononi.

"Miguu yangu inapoa hapa!" alipiga kelele. "Wanaotaka kugombana wagombane! Mimi natangulia!"

Akajisukuma, akaondoka. Watoto waliona mtu ameanza, wakaanza na wao, wote kwa pamoja, wakisukumana na kuanguka na kuinuka, na wazazi wakawakimbilia, na siku ikaanza yenyewe.

Aslaug aliingia jikoni mwa ukumbi, akavaa aproni, akasimama mbele ya chuma cha kuokea vikeki bapa ambavyo huliwa kwa jamu. Hakutaka kumwona mtu. Kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani aliona kwamba njia inafanya kazi yake. Mama yake alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, uso umekunjwa kwa furaha. Sunniva naye alizunguka, akateleza kwenye kona ya shule na kukaa chini pahali ambapo rutuba ilikuwa imezidi. Wanawake wa Øvrelid walimwinua na kumpangusa, na hawakucheka mpaka alipoanza kucheka yeye.

Alikuja dirishani, suruali haisemeki. "Mwakani mnaandaa ninyi," alimwambia Aslaug. "Nitawaambia watu wangu. Siku kama hii haiwezi kufanyika kwetu." Akapokea kahawa, akafikiri kidogo. "Ila osheni matrela, jamani. Nakusihi."

Alipoondoka, Aslaug alisikia benchi lililokuwa chini ya dirisha likilia kwa uzito wa watu wawili. Akazitambua sauti, akabaki na mwiko hewani.

"Kwa hiyo wewe hukujua kabisa," alisema Brynjulf. Hakusema dada, mwambie.

"Sikujua lolote. Ningejua, nisingekubali."

"Na mimi ningejua kuwa hujui, usingepata hata kijiko."

Mtoto mmoja akapita akikwaruza skii.

"Dada ndivyo alivyo," alisema Brynjulf. "Tangu mdogo. Aliwahi kumwambia baba kwamba nimeamua mwenyewe kulala zizini, na mimi akaniambia baba ameniamuru. Alitaka kitanda changu."

"Mimi aliniambia haogopi buibui. Nikamwoa."

"Anaogopa?"

"Hata wa kwenye picha."

Aslaug alifungua mdomo ajitetee, akaufunga. Chuma kilikuwa kinaanza kutoa moshi.

"Yale malisho," Torleif alisema kwa sauti ya chini. "Yaliharibika sana?"

"Yote. Niliuza kondoo ambao sikutaka kuwauza."

"Hukuniambia."

"Nilikwenda kukuambia. Ukawachekesha watu."

Benchi lililia tena. Aslaug alidhani mmoja ameondoka, akachungulia. Walikuwapo wote wawili, wakitazama mbele, kofia magotini.

"Nilikosea, shemeji," alisema Torleif. "Kupita shambani kwako nilikosea. Na kule kuchekesha kulikuwa kubaya zaidi."

"Ulitakiwa useme kwenye kipaza sauti."

"Najua. Kiko wapi?"

"Mkeo ameingia nacho jikoni."

Aslaug alitazama aproni yake. Kilikuwa mfukoni. Akakipanga kwenye sinia, pamoja na vikeki viwili na vikombe viwili vya kahawa, akavipitisha dirishani bila kutoa kichwa. Mikono miwili ilivipokea. Hakuna aliyesema asante.

Torleif aliyasema. Watu wengi walikuwa wamekwishaanza kufunga skii juu ya magari, lakini waliokuwapo walisimama wakasikiliza, na yule aliyecheka alikuwa miongoni mwao. Sauti ilisambaa mpaka kwenye zizi la kondoo. Halafu akarudi kwenye benchi, maana kahawa yake ilikuwa haijaisha.

Aslaug alisikia jina lake likitajwa upya. Brynjulf alikuwa anaanza kisa kingine, cha baiskeli na binti wa kasisi, kisa ambacho alikuwa ameapa kaburini kwa baba yao kwamba hatamsimulia mtu. Torleif alikuwa anacheka kabla hakijafika mwisho. Aslaug angeweza kutoka akawanyamazisha wote wawili. Sauti alikuwa nayo. Akamimina rojo jingine la unga kwenye chuma, akakifunga, akasogea karibu na dirisha ili asikie vizuri.